Fraipani ya chuma kizito: samaki wa jioni bila karai la mafuta

Kama kwenu haipiti wiki bila samaki na kila mara mnamzamisha kwenye karai la mafuta, nunueni fraipani ya chuma kizito. Naanza na jibu kwa sababu ndilo swali la kila anayeingia jikoni kwangu akaikuta juu ya jiko, nyeusi, nzito, haifanani na sufuria zetu zinazong'aa. Ni ya sentimita 26, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000, na tangu ilipoingia ndani sijarudi kukaanga samaki kwa mafuta mengi siku za kazi. Naipa alama nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaieleza, maana kuna nyumba ambazo chombo hiki kitawasumbua tu.

Kazi yangu iko Posta, nyumbani ni Kigamboni, na katikati kuna soko la samaki la Feri. Anayeijua Magogoni anajua kwamba kutoka sokoni hadi kwenye pantoni ni hatua chache. Mnada ni wa asubuhi, wakati boti zinaingia, lakini jioni nako meza za rejareja hazikosi kitu: nguru, jodari, changu, tasi, na vibua kama mwezi haujapevuka. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hupumzika, vibua na dagaa hupungua, na kilichopo kinapanda bei. Nikishuka ng'ambo napanda bajaji, na nikifungua mlango ni saa moja usiku au karibu yake. Watoto wana kazi za shule na njaa. Saa hizo nataka niweke mkoba chini na baada ya nusu saa tuwe tunakula. Samaki anaiva upesi kuliko nyama, kuliko maharage, kuliko hata kuku. Kinachomchelewesha ni mazoea yetu ya kumpika.

Mazoea yenyewe tunayajua. Anapakwa ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, analazwa, kisha karai linabandikwa na nusu lita ya mafuta au zaidi. Wakaangaji wa Feri wanaifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa na sitaacha kula kwao: moto wao ni mkali, mafuta ni mengi, samaki anatoka mkavu nje na laini ndani. Jiko la gesi la nyumbani haliyawezi mafuta yote hayo. Yanapoa samaki akiingia, inabidi akae muda mrefu, na mnofu unakauka mpaka kwenye mfupa. Halafu mafuta yanabaki. Unayachuja, unayaweka kwenye kopo, na wiki inayofuata yanarudi jikoni yakiwa na harufu ya samaki wa juzi. Kwa fraipani hii natumia vijiko viwili vya mezani kwa mlo wa watu wanne. Lile kopo halipo tena chini ya sinki langu, na hilo peke yake kwangu ni faida kubwa.

Siri ya chuma hiki ni uzito. Mnofu wa samaki una maji mengi, na maji hayapiti nyuzi joto 100 mpaka yageuke mvuke. Ile rangi ya kahawia tunayoitafuta, yenye harufu na utamu wake, inaanza kujitokeza kwenye nyuzi 140 hivi na kuendelea. Kwa hiyo kipande kikigusa chombo, kazi ya kwanza ni kuyafukuza maji ya juu, na kazi hiyo inakula joto jingi kwa mara moja. Fraipani nyembamba ya alumini haina akiba. Inapata moto haraka, sawa, lakini ukilaza vipande viwili vya baridi inapoa papo hapo; maji yanajikusanya, samaki anachemka badala ya kukaangika, na nyama yake inashikamana na chombo. Ukija kumgeuza, ngozi inabaki chini na wewe unabaki na makombo. Kilo mbili na zaidi za chuma hazipoi kirahisi namna hiyo.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni kwamba chuma kinasambaza joto polepole kuliko alumini. Ukiiwashia moto mkubwa tangu mwanzo, katikati inawaka na pembeni bado kuna ubaridi. Inataka moto wa wastani, dakika tano hadi saba, ikiwa tupu. Dakika hizo hazipotei, maana ndizo za kukausha samaki na kukata kachumbari.

Na zile za nonstiki? Ninayo moja, inakaanga mayai vizuri. Kwa samaki wa namna hii haifai. Utando wake haukutengenezwa kwa moto wa kubanikia ngozi. Ukipita nyuzi 260 hivi unaanza kuharibika, na chombo kitupu juu ya gesi kinafika huko upesi kuliko watu wanavyodhani.

Kariakoo ukiuliza fraipani ya chuma utaonyeshwa vitu vitatu tofauti na vyote wataviita chuma. Kuna ya stili inayong'aa, kuna ya bati jeusi lililokandamizwa na mashine, na kuna ya chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu kikiwa kimeyeyuka, chombo na mkono wake kipande kimoja, hakuna ribiti wala skrubu. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoitaka. Ilaze juu ya kioo cha kaunta uone kama inayumba. Ikiyumba dukani itayumba jikoni. Igonge kwa kifundo cha kidole: nzima inalia, yenye ufa sauti yake inakufa hapo hapo. Pitisha kidole ndani. Ukwaruzo mdogo kama wa ngozi ya chungwa si tatizo, utajazwa na mafuta kadiri unavyopika, lakini vinundu na mashimo vitakunyima raha. Angalia kama ina midomo miwili ya kumiminia, kulia na kushoto, na kama ina kishikio kidogo upande wa pili wa mkono. Kishikio hicho ukikiona dukani unaweza kukidharau. Siku unayoiinua ikiwa na mchuzi ndani utakishukuru.

Kijana wa dukani alinisukumia ya sentimita 30: "Mama, chukua hii, samaki mzima anaenea." Nikamwomba aziweke zote mbili kwenye mzani. Ya 26 ilikuwa kilo mbili na nusu kasoro, ya 30 ilikaribia kilo nne. Nikabaki na ndogo, na ninafurahi mpaka leo, kwa sababu duara la moto la majiko yetu ya plate mbili halifiki kwenye kingo za ile kubwa. Utakaanga katikati, pembeni utakuwa unapasha tu. Wenye ndugu Marekani huletewa za Lodge, kiwanda cha Tennessee kilichoanza mwaka 1896, na hizo huja zimeshachomwa mafuta kiwandani. Yangu haina jina. Chini imeandikwa namba tu. Nguru hajali.

Kabla ya kupikia lazima uichome mafuta, na hapa wengi wanakata tamaa bila sababu. Inatoka dukani na utando wa kuzuia kutu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, isugue kwa stilwaya, ikaushe juu ya moto mpaka isibaki hata alama ya unyevu. Ipake mafuta ya alizeti kote, ndani, nje, mpaka kwenye mkono, kisha chukua kitambaa kikavu uyafute mafuta hayo kana kwamba hukutaka kuyapaka. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho kinachotakiwa. Ukiacha mengi yatakuwa gundi, utaigusa na vidole vitanasa. Sina oveni, kwa hiyo niliwasha jiko la mkaa uani, nikaifunika juu chini, nikaiacha itoe moshi mpaka moshi ukate. Ikapoa, nikarudia. Baada ya mizunguko mitatu au minne ilikuwa imebadilika kutoka kijivu hadi nyeusi yenye mng'ao wa chini. Mkaa kwa kazi hii ni mzuri kuliko gesi kwa sababu moto unaigusa kote kwa usawa, na moshi wote unabaki nje.

Waliolelewa na bibi mwenye chuma chake cha chapati wanaijua habari hii. Chuma kile hakikuoshwa kwa sabuni, kilifutwa, na chapati hazikuwahi kunasa. Ni kanuni ile ile. Na nitasema kweli: kama nyumbani una chuma cha chapati kinene chenye ukingo, jaribu kwanza kukaangia vipande vya samaki kabla hujatoa pesa. Kikikupa rangi nzuri, umepona shilingi zako.

Sasa mapishi yenyewe, kwa nguru, maana ndiye samaki wa kuanzia. Pale Feri nikishachagua, kijana wa kukata huuliza, "Dada, nikate nene au nyembamba?" Nasema sentimita mbili na nusu, zote sawa. Vipande vyembamba vinaiva kabla ngozi haijapata rangi, na visipolingana utakuwa unatoa hiki unarudisha kile. Naangalia macho kama kichwa kipo, naangalia mashavu yawe mekundu, nabonyeza nyama. Alama ya kidole ikibaki, naondoka. Kwa nguru, jodari na kibua kuna sababu zaidi ya ladha: samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto hujijengea histamini, na histamini haiondoki kwa kupika, hata umkaange vipi. Midomo inawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Kwa hiyo aliyelala juu ya barafu nalipa zaidi kidogo, aliyelala juu ya meza ya joto simchukui, na mimi mwenyewe nabeba kifuko cha barafu kwenye pantoni.

Nikifika, kitu cha kwanza ni kubandika fraipani tupu kwenye moto wa wastani. Cha pili ni kukausha. Hii ndiyo nusu ya mapishi yote na haihitaji chombo chochote zaidi ya kitambaa safi. Navisuuza vipande, navilaza juu ya kitambaa, navikandamiza na kitambaa kingine, navigeuza, nakandamiza tena, mpaka nikipitisha kidole kwenye ngozi kisiteleze. Chumvi inaingia wakati huu, dakika moja kabla ya moto. Ndimu bado. Najua sisi tumezoea kumwogesha samaki ndimu kwanza, na kwa karai haina neno, lakini kwa fraipani ndimu na vitunguu saumu ni maji na vitu vinavyoungua: maji yanazuia rangi, saumu inageuka makaa machungu kabla samaki hajaiva. Vyote viwili vitapata nafasi yao mwishoni.

Namwagia tone la maji kwenye chuma. Likichemka na kukauka pale pale, bado. Likijikunja kuwa duara na kukimbia huku na huku, tayari. Naweka mafuta, nayazungusha, na yakianza kutetemeka juu, kabla hayajatoa moshi mwingi, nalaza kipande cha kwanza nikianzia upande wa kwangu kuelekea mbali, ili mafuta yakiruka yaruke kule. Papo hapo nabonyeza kwa mwiko bapa, sekunde kumi na tano. Ngozi ikipata moto hujikunja, ikijikunja katikati inanyanyuka, na iliponyanyuka haitapata rangi. Kisha naondoa mkono. Hapo ndipo subira inapotakiwa, kwa sababu kila kiungo mwilini kinakwambia mguse, mchungulie, msogeze. Usimguse.

Unachofanya ni kusikiliza na kutazama ubavuni. Sauti ya mwanzo ni kali, inapasuka. Maji ya juu yakiisha inatulia na kuwa ya mfululizo. Ubavuni mwa kipande, nyama iliyokuwa na rangi ya maziwa ya maji inaanza kuwa nyeupe kutoka chini, na weupe unapanda. Ukifika katikati, kama dakika ya tatu au ya nne, nasukuma mwiko ukingoni. Akigoma, bado hajawa tayari, namwacha nusu dakika. Akiachia, anaachia mzima. Samaki aliyepata rangi hujibandua mwenyewe; anayelazimishwa ndiye anayeacha ngozi. Ukimgeuza utaona: kahawia ya dhahabu kutoka kingo hadi kingo, na ukigonga kwa ncha ya mwiko ngozi inalia.

Upande wa pili dakika mbili zinatosha, tena nazima gesi kabla hazijaisha, maana chuma kina joto la kumalizia. Sasa ndipo inaingia samli nusu kijiko, punje mbili za saumu zilizopondwa, pilipili manga, na nainamisha fraipani nikimwagia samaki kwa kijiko. Jikoni kunanukia kiasi kwamba watoto wanakuja bila kuitwa. Ndimu anaikamulia kila mtu kwenye sahani yake. Ugali nao ulikuwa kwenye plate ya pili muda wote huo, na kachumbari ilikatwa wakati chuma kinapata moto. Tukiwa wanne vipande vinaenda kwa awamu mbili. Vya kwanza usivifunike. Mvuke unarudi chini na ngozi uliyoihangaikia inalainika. Viache wazi juu ya wavu au ukingoni mwa sahani, havitapoa vibaya.

Siku nikiwa na tui, naongeza kitu kidogo. Samaki akishatoka, kwenye mafuta yaliyobaki natia kitunguu saumu, bizari nusu kijiko cha chai, nusu kikombe cha tui zito na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Dakika mbili linachemka, linakwangua yale mabaki matamu yaliyoshika chini, na limekuwa mchuzi wa kumiminia pembeni ya wali. Pembeni, si juu ya ngozi. Ndimu naikamua nikishauhamishia kwenye bakuli. Ukali wa ndimu, ukwaju na nyanya unakula ule utando mweusi wa mafuta, na mchuzi ukikaa humo unapata ladha ya chuma. Mchuzi wa nyanya na ukwaju una sufuria zake.

Kuhusu mafuta: alizeti iliyosafishwa ya dukani inavumilia moto huu vizuri. Ile ya kukamuliwa, isiyosafishwa, yenye harufu nzuri ya mbegu, hutoa moshi mapema mno. Iache kwa mboga. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa nayo ni hivyo hivyo.

Nguru nimeshamsifu. Anayemfuata kwangu ni tasi. Ni mwembamba, ngozi yake ina magamba madogo yasiyosumbua, na wawili wa kiganja wanaenea mkia kwa kichwa. Dakika nne upande mmoja, tatu wa pili, umemaliza. Mwombe anayekupara aikate miiba yote ya mgongoni na tumboni kwa mkasi, kwa sababu miiba ya tasi ina sumu na ikikuchoma utaumwa mkono usiku kucha. Kibua anatoa ngozi nzuri kuliko wote, ana mafuta yake mwenyewe, unaweza kumpaka tone tu. Ila fungua madirisha yote.

Jodari anataka kasi. Kipande kinene, moto mkali kuliko wa nguru, dakika moja na nusu kila upande, kisha kipumzike. Ukimpa muda wa nguru anakuwa mkavu unaohitaji maji ya kumezea. Nyumbani kwangu watoto nawapikia akaiva kabisa, lakini namkata vipande vyembamba zaidi ili aive bila kukaa sana motoni.

Changu mzima ni hadithi nyingine. Wa gramu 400 anaenea, mkia ukipanda kidogo ukingoni. Mkubwa zaidi ya hapo haenei, na kinachotoka nje ya chuma hakiivi. Mchanje mbavuni mpaka karibu na mfupa, punguza moto, dakika sita au saba kila upande na mfuniko nusu. Ni mtamu sana, lakini muda umeongezeka, kwa hiyo mimi namweka Jumamosi. Sangara nampata akiwa minofu iliyogandishwa. Ni samaki wa ziwa mwenye nyama nene na maji mengi. Akiyeyushwa haraka kwenye beseni la maji, hata chuma hiki hakimwokoi. Mhamishie kwenye friji kuanzia asubuhi, mkaushe mara mbili, na umpake vumbi jembamba la unga wa ngano au wa mahindi. Hapo anatoka vizuri, mwenye ganda jembamba linalovunjika. Pono simshauri: nyama yake ni laini mno, inatawanyika ukimgeuza. Mpike mchuzi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, amekaanga samaki kwa karai tangu utotoni. Alipokuja kututembelea aliitazama fraipani, akaniuliza, "Mwanangu, mafuta yako wapi?" Nikamwambia, "Yamo, mama." Alikula tasi wawili, akanyonya na vichwa, akasema ngozi ni nzuri lakini kwa samaki wa kuweka kesho bado karai ndilo lenyewe. Ana haki. Samaki wa fraipani ni wa kuliwa saa ile ile. Akilala, ngozi inanyonya unyevu na asubuhi yake hana tena kilichomfanya awe mzuri. Anayekaanga wa siku tatu, wa safari au wa kubeba kazini, abaki na karai lake.

Niingie kwenye ile alama niliyoikata. Uzito unaochoma samaki ndio huo huo unaochosha kifundo cha mkono. Kuiosha kwa mkono mmoja siwezi, na binti yangu wa darasa la sita simruhusu kuinyanyua ikiwa na moto. Mkono wake nao ni chuma, unapata moto kama sehemu nyingine. Kitambaa kikavu kilichokunjwa mara mbili lazima kiwe karibu, kikavu, kwa sababu kilicholowa kinapitisha joto mara moja.

Halafu kutu. Hewa ya Kigamboni ina chumvi, na chuma hakisamehe. Ukiiosha ukaiacha kwenye kichanja ijikaushe, asubuhi utakuta madoa ya rangi ya matofali. Utaratibu ni mmoja kila usiku: ikiwa bado vuguvugu, mwaga maji ya moto, sugua kwa brashi, irudishe juu ya moto ikauke, ipake tone la mafuta. Dakika tatu. Harufu ya kibua ikiendelea, mimina chumvi ya mawe na usugue kwa karatasi, inaondoka. Nilisikia kwamba sabuni ni mwiko. Sabuni kidogo haijaidhuru yangu hata mara moja. Kinachoiua ni kuiloweka. Dada wa kazi au shangazi aliyekuja kusaidia ataiacha kwenye beseni la vyombo usiku kucha kwa nia njema kabisa, kwa hiyo waambie wote nyumbani mapema.

Moshi upo. Jiko langu lina dirisha moja kubwa na nalifungua kabla sijaweka mafuta. Anayekaa chumba kimoja chenye kitanda na jiko pamoja, nguo zake zitanuka kibua. Kwa mwenye jiko la kubandika juu ya mtungi mdogo wa kilo 6, ushauri wangu ni asiinunue kabisa: chombo kizito, mkono mrefu upande mmoja, juu ya kitu chembamba kinachosimama chenyewe, na watoto wanapita. Jiko la mkaa la chini, lililotulia, linaibeba bila wasiwasi. Wenye majiko ya umeme ya kioo wainyanyue kila mara, wasiiburute.

Ukishaamua, nunua na mwiko bapa wa stili, ule mwembamba unaopinda kidogo. Wa mbao ni mnene mno kuingia chini ya ngozi. Mimi niliupata kwa shilingi 4,000 kwenye meza ya barabarani hatua chache kutoka duka nililonunua fraipani. Wavu wa kufunika mafuta yasiruke unasaidia kwa sangara, kwa nguru hauna kazi. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla Kariakoo haijajaa, upate nafasi ya kuigonga na kuipima kwa utulivu, na ubebe mfuko wa turubai, kwa sababu ile mifuko myepesi wanayofungia haifiki nayo hata kwenye kituo cha mwendokasi.